Kurudia Kusoma au Kujipima? Ulinganisho wa Mbinu za Kujisomea kwa Mwanafunzi Anayetaka Kuchagua

Ugumu wa kuchagua mbinu ya kujisomea unaanzia hapa: mbinu dhaifu mara nyingi ndiyo inayomridhisha msomaji wakati anaitumia, na mbinu madhubuti ndiyo inayomwacha akihisi kwamba hajui kitu. Mwanafunzi anapoipitia sura ya kitabu kwa mara ya tatu, sentensi zinamtiririkia, istilahi zinaonekana za kawaida, naye anafunga kitabu akiwa na hakika kwamba somo limemkaa. Mwenzake anayesoma mara moja, akafunga kitabu na kujaribu kuandika alichokisoma, hukwama, hukosea, hukuna kichwa, na huinuka na wasiwasi. Baada ya wiki moja, huyu wa pili ndiye anayekumbuka zaidi. Robert Bjork, mwanasaikolojia wa Marekani, tangu mwaka 1994 ameueleza ugumu wa namna hii kuwa ni ugumu wenye manufaa, kwa maana kwamba unapunguza mwendo wa mtu wakati wa kujifunza lakini unaimarisha kile kinachobaki.

Kwa hiyo kipimo kitakachotumika hapa ni kimoja: kwa muda uleule wa kusoma, ni mbinu ipi inayoacha maarifa mengi zaidi kichwani siku yanapohitajika? Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi wengi walioshindwa mitihani hawakuwa wavivu hata kidogo. Walikesha, walirudia, walipaka rangi kurasa nzima, na inauma kuona jasho lote hilo likipotea kwa sababu tu lilimwagwa mahali pasipofaa.

Kusoma tena na kujipima

Tuanze na jozi hii, kwa kuwa ndiyo yenye uzito kuliko zote. Kusoma tena ni kurudi kwenye kitabu au daftari na kuyapitia yaleyale, pengine kwa kupigia mstari sehemu muhimu. Kujipima ni kufunga kitabu na kulazimisha kichwa kitoe kilichomo: kwa kujibu maswali, kwa kuandika kwenye karatasi tupu, au kwa kueleza kwa sauti bila kuchungulia.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio lililozipambanisha mbinu hizi mbili moja kwa moja. Wanafunzi wa chuo walisoma vifungu vya maandishi. Baadhi yao wakavisoma tena, na wengine wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 kwa 75. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliosoma tena asilimia 42. Takwimu hizi zinaeleza kwa nini kusoma tena kunadanganya, kwani mtu hujihukumu dakika chache baada ya kufunga kitabu, wakati ambapo mbinu hiyo kweli inaonekana kushinda, ilhali mtihani unakuja siku ambayo faida hiyo imekwisha kuyeyuka.

Namna kujipima kunavyofanya kazi huonekana vizuri ukimtazama mwanafunzi mmoja kwa karibu. Amesoma kurasa mbili kuhusu osmosisi na sasa anaandika kwenye karatasi tupu: “Maji hupita kwenye utando kutoka upande mmoja kwenda mwingine.” Kalamu inasita. Kutoka upande upi? Ule wenye chumvi nyingi au ule wenye chumvi kidogo? Alipokuwa akisoma, sentensi ya kitabuni ilikuwa wazi kabisa na hakuona swali lolote. Anafungua kitabu, anakuta kwamba maji huelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, na mara hii anaisoma sentensi hiyo akiwa na njaa ya jibu. Faida hapa ni mbili: pengo limejulikana mahali lilipo, na kule kukitafuta kitu kumbukumbuni, hata kabla ya kukipata, kumeitayarisha akili kukishika kitakapopatikana.

Je, kusoma tena hakuna nafasi? Inayo. Andiko gumu ambalo hukulielewa mara ya kwanza halina budi kusomwa tena, kwa sababu mtu hawezi kujipima katika jambo asilolielewa. Shairi linalohitaji kuchambuliwa neno kwa neno nalo hulipa kila linaporudiwa. Lakini baada ya kuelewa, kila nusu saa inayotumika kurudia tu ingefaa zaidi kama ingetumika kujipima. Kupigia mstari ni dhaifu zaidi bado. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walizitathmini mbinu 10 za kujifunza zinazotumiwa na wanafunzi, na wakaweka kupigia mstari, kusoma tena na kuandika muhtasari katika kundi la manufaa madogo, huku mbinu mbili tu zikipata daraja la juu: kujipima, na kugawanya masomo katika siku mbalimbali.

Kujipima kuna sharti moja ambalo watu hulisahau, nalo ni kusahihisha. Mwanafunzi anayejibu maswali 20 bila kulinganisha majibu yake na kitabu anaweza kuyazoea makosa yake mwenyewe. Vilevile mitihani ya miaka iliyopita, ambayo ndiyo hazina bora ya maswali, hupoteza thamani pale mtu anapoanza kukariri majibu yake badala ya kuyajenga. Dalili ni kwamba swali likibadilishwa maneno kidogo, anapotea. Anayekosa mitihani ya zamani atengeneze maswali yake kutokana na vichwa vidogo vya sura: kichwa kisemacho “Sababu za mmomonyoko wa udongo” tayari ni swali.

Zimamoto na kugawanya

Wanafunzi huita zimamoto ule usomaji wa usiku wa mwisho, ambapo kazi ya miezi hubanwa katika saa chache. Upande wa pili ni kuisoma mada ileile mara kadhaa, kila mara kwa kipindi kifupi, siku zikipita katikati.

Jambo hili lilipimwa zamani sana. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus, msomi wa Ujerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, aliripoti kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa kwa siku moja. Tofauti ni karibu nusu ya kazi. Mwanafunzi anayelalamika kwamba hana muda wa kugawanya masomo yake angepaswa kuyatazama mahesabu haya kwa utulivu, kwa sababu asiyekuwa na muda ndiye hasa anayehitaji mbinu inayookoa muda.

Sababu yake inafungamana na yale ya kujipima. Kitu ulichokisoma dakika kumi zilizopita kingali juu juu kichwani, na kukirudia hakutaki juhudi yoyote. Kitu ulichokisoma siku nne zilizopita kimeanza kufifia, na kukivuta kunataka kazi; kazi hiyo ndiyo inayokiimarisha. Kusahau kidogo kati ya kipindi na kipindi kunasaidia, mradi kusiwe kusahau kabisa kiasi cha kuanza upya.

Mapumziko yawe marefu kiasi gani? Utafiti wa Nicholas Cepeda na wenzake wa mwaka 2008, uliohusisha watu zaidi ya 1,350, ulionyesha kwamba jibu hutegemea umbali wa mtihani. Kama maarifa yanahitajika baada ya wiki moja, mwanya unaofaa kati ya kusoma na kurudia ni kama asilimia 20 hadi 40 ya muda huo, yaani siku moja na nusu hadi siku tatu. Kama yanahitajika baada ya mwaka, asilimia hiyo hushuka hadi 5 au 10, ambayo ni takribani wiki tatu hadi tano. Mwanafunzi mwenye mtihani wa mwisho wa mwaka anayerudia mada moja kila jioni anatumia nguvu nyingi mno, na anayeirudia mara moja baada ya miezi sita anatumia chache mno.

Ni haki kukiri kwamba zimamoto hufaulu kwa jambo moja: mtihani wa kesho asubuhi. Yaliyobanwa usiku huweza kudumu hadi adhuhuri. Kwa somo ambalo halitaguswa tena, hilo linaweza kutosha. Kwa hisabati, lugha, sayansi na kila somo ambalo mada ya muhula huu ni msingi wa mada ya muhula ujao, ni mkopo unaolipwa kwa riba. Na aliyekwisha kuchelewa, ambaye hana tena siku za kugawanya, bado ana uchaguzi wa kufanya usiku huo: achague mada chache zenye uzito, ajipime badala ya kusoma tena, kisha alale. Usingizi ni sehemu ya kujifunza, kwani ubongo huyaimarisha yaliyosomwa wakati mtu amelala. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanapendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na saa 7 au zaidi kwa watu wazima, na saa mbili za ziada za kukesha huondoa katika chumba cha mtihani zaidi ya zinachoongeza.

Anayetaka njia iliyo tayari ya kugawanya anaweza kutumia kadi za maswali kwa utaratibu uliotangazwa na mwandishi wa Kijerumani Sebastian Leitner mwaka 1972. Swali huandikwa upande mmoja wa kadi na jibu upande wa pili, na kadi hukaa katika kasha lenye vyumba kadhaa. Kadi iliyojibiwa sawasawa husogezwa chumba cha mbele, ambacho hufunguliwa kwa nadra. Iliyokosewa hurudi chumba cha kwanza, kinachofunguliwa kila siku. Yale magumu hujikuta yakirudiwa mara nyingi na mepesi mara chache, bila mtu kupanga ratiba ngumu. Programu za simu hufanya kazi hiyohiyo na hukumbusha zenyewe tarehe, ila zinakaa ndani ya kifaa kilekile kinacholeta ujumbe na video. Anayejijua kuwa dhaifu mbele ya simu afadhali abaki na karatasi. Kadi zinafaa kwa msamiati, fasili, kanuni na tarehe. Hazifai kumfundisha mtu kuandika insha au kujenga hoja ndefu, na ni kosa kuukata mjadala wa kihistoria vipande vipande ili uingie kwenye kadi.

Mada moja hadi mwisho, au kuchanganya

Vitabu vingi vya hisabati hupanga mazoezi kwa mada: maswali 15 ya mche, kisha maswali 15 ya koni. Mwanafunzi anayefuata mpangilio huo hupata majibu mengi sahihi na kujiona ameiva. Doug Rohrer na Kelli Taylor, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2007, waliwapa wanafunzi maswali ya kutafuta ujazo wa maumbo. Kundi moja lilifanya umbo moja baada ya jingine, kundi la pili likapewa maswali yaliyochanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili asilimia 60. Wiki moja baadaye, kundi la kwanza liliporomoka hadi asilimia 20, na la pili likapata asilimia 63.

Kinachotokea ni hiki. Katika maswali 15 yanayofanana, kanuni inajulikana kabla swali halijasomwa, na kinachobaki ni kuingiza namba. Katika mtihani hakuna anayekutajia kanuni. Kazi ya kwanza ni kulitambua swali ni la aina gani, na kazi hiyo haikupata kufanyiwa mazoezi. Kuchanganya kunailea. Hata hivyo mada mpya kabisa haipaswi kuchanganywa siku ya kwanza. Fanya maswali machache ya aina moja hadi njia ieleweke, kisha uyatawanye yaliyobaki kati ya maswali ya mada za nyuma. Kwa fizikia, kemia na sarufi ya lugha ya kigeni ushauri ni huohuo. Kwa somo ambalo mada zake hazichanganyikiki, kama vile riwaya moja dhidi ya nyingine, sioni haja ya kulazimisha.

Peke yako au katika kikundi

Hapa uamuzi hutegemea zaidi hatua uliyofikia kuliko tabia yako. Kusoma peke yako kunamlinda mtu dhidi ya udanganyifu mmoja mkubwa wa vikundi: kumsikiliza mwenzako akieleza vizuri na kudhani umeelewa, kumbe umeelewa maelezo yake tu wakati anayatoa. Kikundi, kwa upande wake, kina kitu ambacho chumba chenye ukimya hakiwezi kukupa, yaani mtu anayeuliza “kwa nini?” mahali ambapo wewe ulipita bila kuona shida. Mtu anayemweleza mwenzake jambo kwa maneno yake hujipima mbele ya shahidi.

Kwa maoni yangu, kikundi kifuate usomaji wa pekee na kisitangulie. Watu watatu au wanne waliokwisha kusoma mada, kila mmoja akija na maswali mawili yaliyomshinda, watafanya kwa saa moja kazi ambayo wanane wasiojiandaa hawataifanya kwa jioni nzima. Ukiona kwamba katika kikundi chako yupo mmoja anayefundisha kila mara na wengine wanaonakili, basi anayenufaika ni yule mmoja. Mgawane mada, kila mtu awe mwalimu kwa zamu, au mrudi kila mtu mezani kwake.

Kalamu au kompyuta

Jozi hii imezungumzwa kuliko inavyostahili. Utafiti wa Pam Mueller na Daniel Oppenheimer wa mwaka 2014 uliwapa ushindi wanaoandika kwa mkono, kwa hoja kwamba anayechapa kwenye kompyuta hunakili maneno ya mhadhiri neno kwa neno, ilhali anayetumia kalamu hulazimika kuchagua na kufupisha. Majaribio yaliyorudiwa baadaye hayakuupata ushindi huo kwa uthabiti uleule. Ninachoweza kushauri ni kuchagua chombo ambacho hakitakupeleka kwingine wakati wa kipindi, kuandika kwa maneno yako, na kurudi kwenye maandishi hayo kabla siku mbili hazijapita, kwa sababu daftari lisilofunguliwa tena lina thamani ndogo, liwe la karatasi au la kielektroniki. Katika jambo hilihili, usijifunge kwa dhana kwamba wewe ni mtu wa kujifunza kwa kuona au kwa kusikia pekee: tathmini ya Harold Pashler na wenzake ya mwaka 2008 haikupata ushahidi wa kutosha wa kuwapangia wanafunzi masomo kwa msingi huo. Ramani huhitaji macho na matamshi huhitaji masikio, kwa kila mtu.

Kusoma kwa saa, au hadi kazi iishe

Baadhi ya wanafunzi hupima kikao kwa saa. Utaratibu unaojulikana zaidi ni ule ulioanzishwa na Francesco Cirillo wa Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, wa dakika 25 za kazi na dakika 5 za mapumziko, kengele ikiamua. Wengine huweka lengo: sitainuka hadi nimeweza kueleza mada hii bila kitabu. Saa inamfaa anayeshindwa kuanza, kwa kuwa dakika 25 hazitishi, na inamfaa mwenye simu inayomwita, kwa kuwa anajua mapumziko yako karibu. Udhaifu wake ni kwamba mtu anaweza kukamilisha vipindi vinne huku akitazama ukurasa mmoja, akajipongeza kwa muda badala ya matunda. Lengo humkinga na hilo, lakini humwangusha anayejiwekea lengo kubwa mno, ambaye hukata tamaa usiku wa pili. Pia kuna kazi zisizopenda kukatwa, kama vile uthibitisho mrefu wa hisabati au insha iliyokwisha kushika kasi. Kengele ikilia katikati yake, ipuuze. Mimi ningevichanganya: kila kipindi kifupi kianze na swali moja lililoandikwa juu ya karatasi, na kiishe kwa kulijibu bila kuchungulia.

Lililo muhimu zaidi kuliko urefu wa kikao ni kama kitakuwapo kesho. Anayesoma anapojisikia na anayesoma saa maalumu wanaweza kulingana kwa juma moja, lakini baada ya hapo hutengana, maana hamu ya kusoma hupungua hasa pale somo linapokuwa gumu. Mtafiti Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. “Nitasoma kemia kwa bidii” ni nia ya jumla. “Nikishaondoa vyombo vya chakula cha jioni, nitakaa kwenye meza ya dirishani na kujibu maswali matatu ya kemia” ina mlango wa kuingilia.

Nayo subira inahitajika zaidi ya wengi wanavyodhani. Phillippa Lally na wenzake huko London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijaribu kujijengea tabia mpya ya kila siku, na wakakadiria kwamba tabia ilichukua wastani wa siku 66 kuwa jambo la kujiendea, huku wengine wakihitaji siku 18 na wengine hadi 254. Katika utafiti huohuo, kukosa siku moja hakukuharibu kwa kiasi kikubwa ujenzi wa tabia. Mwanafunzi aliyeugua, aliyepata mgeni au aliyeshindwa tu jioni moja hana deni la kulipa kwa kukesha kesho yake. Akae mezani saa yake ya kawaida, na aanze na maswali yaleyale aliyokuwa ameyapanga kwa jana.